Pima Kisomaji Kwanza, Mkono Baadaye

  

Leo naanza na swali. Wako watu, huko Sweden, Marekani na kwingineko, waliopachikwa chipu ndogo, iliyo ndani ya kidonge cha kioo, chini ya ngozi ya mkono, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Chipu hiyo inafungua mlango wa ofisi. Inaifungua kompyuta. Inabeba namba ya simu ya ndugu wa kuarifiwa mwenyewe akipata ajali. Swali langu ni hili: umeme unaoiendesha chipu hiyo unatoka wapi?

Usijibu haraka. Wapo wanaosema ni betri. Wapo wanaosema ni joto la mwili. Wapo wanaoamini kwamba kuna setilaiti huko juu inayoipelekea nguvu. Hapana, ndugu yangu. Ndani ya kile kidonge cha kioo hakuna betri, na joto la mwili halikifanyii lolote. Chipu imelala usiku na mchana bila chembe ya umeme, mpaka kisomaji kiletwe karibu. Kisomaji ni simu yako, au ile mashine iliyo ukutani kando ya mlango. Kisomaji kikikaribia, chipu inaamka. Kikiondoka, inazima papo hapo.

Nalirudia, kwa sababu yote nitakayosema leo yanasimama juu ya hili: chipu haina nguvu yake, nguvu yote ni ya kisomaji. Na ikiwa ni hivyo, chipu ikigoma kusomwa, wa kwanza kuhojiwa awe nani? Awe kisomaji. Mbona basi kila mara wa kwanza kulaumiwa ni mkono? Mtu anagusisha simu, hakuna kitu. Anagusisha tena, hakuna kitu. Anaanza kusema chipu imekufa, anafikiria kwenda kupasuliwa itolewe. Kumbe chipu ni nzima kabisa. Simu ndiyo haikuifikishia chakula.

Kwa hiyo leo tunazungumzia kupima. Tutaona simu na visomaji vinavyopimwa ili tujue vinailisha vipi chipu iliyo mwilini. Nitakueleza kanuni yenyewe, nitakueleza vifaa, kisha nitasema jambo moja kuhusu hofu ambayo wengi wetu tunayo juu ya chipu. Kaa nami.

Tuanze na kanuni. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilikabadilika karibu na waya huzaa umeme ndani ya waya huo, ingawa hakuna kilichougusa. Transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Sasa, simu yenye NFC, yaani mawasiliano ya kugusisha, ina waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa, umelazwa ndani ya mgongo wake. Mzunguko huo wa waya tuuite koili. Simu inapitisha humo umeme unaogeuka na kurudi mara milioni 13 na laki 5 na elfu 60 kwa sekunde moja. Ndiyo megahezi 13.56, masafa ambayo NFC yote duniani inayatumia. Umeme ukigeuka, uga wa sumaku unaouzunguka waya nao unageuka. Lete karibu koili nyingine, ile iliyo ndani ya kidonge mkononi, na umeme unazaliwa ndani yake. Ni mdogo mno, lakini chipu haihitaji mwingi.

Na koili ya chipu imetuniwa. Wewe unayenisikiliza hivi sasa umeituni redio yako kwenye masafa ya kituo hiki, ukaviacha vituo vingine vipite. Kilichochagua ni koili na kapasita zilizo ndani ya redio. Kidonge cha mkononi nacho kina koili na kapasita, zimepangwa ziitikie megahezi 13.56. Ndiyo maana simu yako haiwezi kuisoma ile chipu anayowekewa mbwa anayesafirishwa nchi za nje. Ile ya mbwa inaitikia kilohezi 134.2, masafa ya chini sana. Simu inaweza kulazwa juu ya mbwa huyo kutwa nzima, chipu isishtuke.

Je, chipu inajibuje, ikiwa haina nguvu ya kutangaza? Hapa nataka usikilize kwa makini. Haitangazi. Inachofanya ni kuuvuta umeme wa kisomaji kwa nguvu zaidi, kisha kulegeza, kisha kuvuta tena, kwa mpangilio maalumu. Kisomaji kinauhisi mvuto huo kwenye koili yake chenyewe, kinaugeuza kuwa namba na maneno. Kwa hiyo yako mambo mawili, wala si moja: kulishwa na kusikika. Chipu inaweza kulishwa ikashiba, na bado isisikike. Tutalirudia hili.

Sasa, nani walioanza? Mwaka 1998 Profesa Kevin Warwick wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alipachikwa mkononi kifaa cha ukoo huu, na milango na taa za idara yake zikawa zinamtambua anapopita. Mwaka 2005 Mmarekani Amal Graafstra aliweka chipu mkononi mwake ili afungue mlango bila ufunguo. Lakini hizo zilikuwa enzi za visomaji vya kujengewa mahali pamoja: mwenye chipu ndiye aliyekuwa na kisomaji chake, amekijua na amekizoea. Mambo yalibadilika mwaka 2013. Mwaka huo kampuni ya Graafstra, iitwayo Dangerous Things, ilichangisha fedha kwa umma ikatoa kidonge kiitwacho xNT. Ndani yake mna chipu ya NTAG216 kutoka kampuni ya NXP, yenye nafasi ya baiti 888, na simu ya kawaida ya dukani inaweza kuisoma.

Unaona kilichotokea? Tangu hapo, kisomaji hakikuwa tena kitu kimoja kinachojulikana. Kikawa simu yoyote ya mtu yeyote. Mwaka 2017 shirika la reli la Sweden, SJ, likaanza kuwaruhusu abiria wenye chipu mkononi waitumie badala ya tiketi. Hebu mfikirie kondakta. Treni inakwenda, abiria wanasubiri, na yeye ana kifaa mkononi ambacho lazima kikipate kidonge chenye unene wa milimita 2 na urefu kama wa milimita 12, kilichojificha chini ya ngozi ya mtu. Kama kondakta hajui koili ya kifaa chake imekaa wapi, atapapasa mkono wa abiria mpaka stesheni ijayo.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, ndugu msikilizaji, na hapa nitakaa kidogo.

Ichukue kadi ya benki ya kugusisha. Koili yake imezunguka ukingo wa kadi nzima, imelala bapa. Koili ya simu nayo ni bapa. Bapa juu ya bapa, zinaelewana upesi, hata ukiipitisha kadi ovyo ovyo. Kidonge cha kioo si bapa. Ndani yake mna kijiti kidogo cha feraiti, kitu kinachoukusanya uga wa sumaku, na waya umezungushwa juu ya kijiti hicho kwa urefu wake. Koili ya namna hii inapokea vizuri uga wa sumaku unaoingia kwa ncha moja na kutokea kwa ncha ya pili. Uga unaopita ubavuni hauifai kitu.

Sasa angalia uga unavyotoka kwenye simu. Katikati ya koili ya simu, uga umesimama wima. Ukilaza mkono wako hapo katikati, kidonge kimelala na uga umesimama. Unakipita ubavuni. Chipu haipati kitu, na hapo ni katikati kabisa ya koili, mahali ambapo mtu yeyote angedhani ndipo penye nguvu. Lakini juu ya waya wenyewe, pale pembezoni mwa koili, uga unapinda ili kuuzunguka waya, na unapopinda unalala. Kiweke kidonge hapo, kiukingame waya, kisilale sambamba nao, na chipu inaamka mara moja. Tofauti ya kidole kimoja tu kushoto au kulia, au mkono ukigeuzwa robo ya mzunguko, ndiyo inayoamua.

Mnakumbuka zile siku za antena ya televisheni juu ya paa? Mmoja yuko juu anazungusha, mwingine yuko sebuleni anapaza sauti, "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Kazi ya kutafuta mahali pa chipu ni ya namna hiyo, ila paa lenyewe ni mgongo wa simu.

Basi mtu atajuaje mahali hapo palipo? Kwa kupima. Na kipimo cha kwanza ni taa.

Kipimo cha taa hakina ugumu. Ni koili ndogo, kapasita, na taa ya LED. Hakuna chipu ndani. Ukikisogeza kwenye uga wa megahezi 13.56, umeme unaozaliwa unaiwasha taa. Uga ukiwa hafifu, taa inafifia. Uga usipokuwepo, giza. Kampuni ile ile ya Graafstra inatoa vya aina mbili. Cha kwanza ni kadi nyembamba yenye taa. Cha pili ni kidonge cha kioo, umbo lake ni la kile kinachoingia mkononi, isipokuwa mahali pa chipu pamewekwa taa.

Utaniuliza, kwa nini viwili? Kadi peke yake haitoshi? Haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Kadi ina koili pana. Inawaka kwa urahisi, inawaka kutoka mbali, inawaka hata ikishikwa vibaya. Inakuambia jambo moja tu, kwamba uga upo. Mtu anaona kadi yake inang'aa, anafurahi, anadhani simu yake ina nguvu kupita zote, kisha anaweka mkono na hapati kitu. Kidonge chenye taa ndicho kinachosema kweli, kwa sababu kina udogo ule ule na mwelekeo ule ule wa kitu utakachokivaa. Kwa hiyo kama utashika neno moja tu katika mazungumzo haya, shika hili: pima kwa umbo lile lile litakalokuwa mwilini.

Fundi simu mzuri, awe Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi, anaweza kukutengenezea kipimo cha taa. Waya mwembamba uliopakwa vanishi, kapasita ya kuutuni, LED moja ndogo. Ningependa kuwaona vijana wetu wa vyuo vya ufundi wakivitengeneza, kwa sababu ni somo la Faraday linaloonekana kwa macho.

Upimaji wenyewe unakwenda hivi. Vua kava la simu, hasa kama lina chuma au sumaku, maana chuma huupoteza uga na kuharibu kule kutuni tulikokuzungumzia. Washa NFC. Washa kioo cha simu na ukifungue, kwa kuwa simu nyingi haziutoi uga kioo kikiwa kimezimwa. Kisha kisogeze kidonge chako cha taa polepole juu ya mgongo wa simu, ukikigeuza. Usishangae taa ikipepesa badala ya kutulia. Simu inatunza betri, hivyo haiachi uga ukiwaka muda wote. Inautoa kwa mapigo mafupi, inasikiliza kama kuna mtu, inapumzika, inautoa tena. Ukiharakisha unaweza kupita juu ya mahali penyewe katikati ya pigo na pigo, usione chochote. Nenda taratibu. Ukipapata pale taa inapong'aa kuliko kwingine, weka alama kwa kalamu, pamoja na mstari wa kuonyesha mwelekeo wa kidonge.

Baada ya mahali, pima umbali. Chukua karatasi za kawaida za ofisi. Karatasi kumi zikipangwa pamoja ni kama milimita 1. Weka kumi kati ya kidonge na simu, kisha ishirini, kisha thelathini, mpaka taa izime. Sasa una kipimo chako mwenyewe, na unaweza kulinganisha simu hii na ile, kisomaji hiki na kile. Utaona jambo la kushangaza: uga haupungui pole pole. Ukishatoka nje ya ukubwa wa koili yenyewe, umbali ukiongezeka maradufu, uga unaobaki ni kama sehemu moja ya nane. Milimita chache zinatosha kuutenga usomaji mzuri na ukimya mtupu.

Na hapa kuna jambo lililowakwaza wengi. Mtu anataka kisomaji cha mlango. Anaona kimoja kikubwa, bapa, cha bei, ambacho kadi inasomwa kutoka mbali. Anakinunua. Mkono unagoma. Kingine kidogo, cha bei ya chini, kinausoma mkono huo huo bila taabu. Kwa nini? Koili kubwa inausambaza uga kwenye eneo kubwa. Kadi pana inauchota uga huo kutoka kila upande. Kidonge chembamba kinapata tone tu. Koili ndogo inaukusanya uga mahali padogo, karibu, na kidonge kinataka hapo hapo karibu. Kwa anayevaa kidonge, kisomaji kikubwa si lazima kiwe kisomaji bora. Pima kabla ya kutoboa ukuta.

Labda unasema, je, si kuna viwango vya kimataifa? Vipo. Kiwango cha ISO 14443, kinachotawala kadi za aina hii, kinataka uga wa kisomaji uwe kati ya ampea 1.5 na 7.5 kwa mita, ndani ya eneo ambalo kisomaji kimekusudiwa kufanya kazi. Ni kiwango kizuri. Lakini hupimwa kwa koili bapa, yaani kwa kadi. Kisomaji kinaweza kukipita kiwango hicho kwa haki kabisa na bado kisimfae mwenye kidonge mkononi. Cheti cha kiwandani hakichukui nafasi ya kipimo chako.

Sasa tuvuke hatua. Taa imewaka. Je, chipu itasomwa? Si lazima. Nilisema mwanzoni, kulishwa ni kimoja na kusikika ni kingine. Taa inapima kulishwa tu.

Kwa hiyo kipimo cha pili kinatumia chipu halisi, ikiwa bado nje ya mwili. Na hapa upime kazi ile ile unayoikusudia. Kusoma namba ya utambulisho wa chipu ni kazi fupi, inaisha kufumba na kufumbua. Kusoma baiti zote 888 kunataka chipu ishibe kwa muda mrefu zaidi bila kukatika. Kuandika ndani yake ni kuzito zaidi, na uga ukikatika katikati, maandishi yanabaki nusu. Na chipu zinazofanya hesabu za siri, kama zile za malipo, zinakula zaidi ya zote hizo. Kama una pasipoti ya kielektroniki, ile ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2018, na umewahi kuisoma kwa simu, umeliona hili. Simu inakuambia utulie, usisogeze, subiri. Chipu ya pasipoti nayo haina betri, na ina picha na hesabu nyingi za kukamilisha kabla uga haujakatika. Mtu anayepima kwa kusoma namba tu, akasema "inasoma vizuri", kisha akategemea kuandika, atafadhaika.

Wenye vifaa vya kina hutumia chombo kiitwacho Proxmark. Kinaonyesha volti zilizo kwenye koili yake chenyewe. Ukiisogeza chipu, volti zinashuka, kwa sababu chipu imeanza kuvuta. Zikishuka sana, koili mbili zimeshikana vizuri. Zisiposhuka, hazijaonana. Hicho ni kipimo kizuri kwa kuwa hakisubiri chipu ijibu.

Vipi kuhusu nyama? Je, mwili hauzuii? Watu wengi wanadhani nyama na damu ndizo zinazoinyonya nguvu. Katika masafa haya, mwili unaupunguzia uga wa sumaku kidogo sana. Kinachodhuru ni umbali tu: ngozi, na mafuta yaliyo chini yake, yanaongeza milimita zako. Unaweza kujaribu mwenyewe. Weka kidonge chini ya kipande cha paja la kuku chenye ngozi, upime, kisha ukiweke chini ya karatasi zenye unene uo huo, upime tena. Linganisha.

Ila kuna kipindi mkono unapima vibaya kweli, nacho ni wiki za kwanza baada ya kuchomwa. Mahali pamevimba, umbali umeongezeka, kidonge hakijatulia. Mwenye chipu anajaribu kila siku, haisomi, roho inamwenda mbio. Uvimbe unaposhuka, usomaji unarudi. Ndiyo maana nasisitiza kupima kabla, chipu ikiwa bado nje. Aliyepima kabla anajua kwamba simu yake inaiweza chipu ile, na anasubiri kwa utulivu. Ambaye hakupima hana pa kushika. Na kazi ya kuchoma si ya kufanyiana chumbani. Sindano yenyewe ni nene, na maambukizi ya mkono si jambo la kuchezea. Ni kazi ya mtu aliyefunzwa, mahali pasafi, kwa vifaa vilivyotakaswa.

Nizungumze kidogo kuhusu simu zenyewe, kwa sababu hapa nina lalamiko. Mtu anasema, "Simu yangu inalipa vizuri dukani, kwa hiyo NFC yake ina nguvu." Si hivyo. Unapolipa kwa simu, simu inajifanya kadi, na mashine ya dukani ndiyo inayotoa uga. Unaposoma chipu, simu ndiyo inayotakiwa kutoa uga. Hizo ni kazi mbili tofauti, na simu inaweza kuwa hodari katika moja na dhaifu katika nyingine. iPhone ilipata NFC mwaka 2014, lakini ilikuwa kwa malipo tu. Programu ziliruhusiwa kusoma chipu mwaka 2017, kuanzia iPhone 7. Hata leo, koili ya iPhone iko juu kabisa, kwenye ukingo wa kichwa cha simu. Simu nyingi za Android zimeiweka mgongoni, nyingine katikati, nyingine kando ya kamera. Anayehama kutoka simu moja kwenda nyingine anaanza upya kutafuta.

Na watengenezaji wanasemaje kwenye boksi la simu? Wengi wao wanaandika "NFC" basi. Hawaandiki koili iko wapi, wala ina ukubwa gani, wala uga wake una nguvu kiasi gani umbali wa milimita 5. Wanatuambia kamera ina megapikseli ngapi na betri ina uwezo gani, lakini hili la NFC wanalinyamazia. Mimi naona si haki. Kidonge kinakaa mwilini miaka mingi. Simu inabadilishwa kila baada ya miaka michache. Mtu aliyeupa mkono wake kitu cha kudumu anastahili kujua, kabla ya kutoa fedha, kama simu mpya itaitikiana nacho. Mchoro mmoja mdogo kwenye karatasi ya maelezo ungetosha, nukta ya kuonyesha koili ilipo.

Sasa nifike kwenye ile hofu niliyoahidi kuizungumzia. Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, maneno yalienea kwetu, msikitini, kanisani, sokoni, kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba ndani ya chanjo mmewekwa chipu ya kuwafuatilia watu. Siwacheki waliohofu. Mtu ana haki ya kuuliza kinachoingia mwilini mwake. Lakini sasa unajua kanuni, basi tuitumie kanuni hiyo.

Chipu haina nguvu yake. Ili iseme neno moja, lazima kisomaji kiwe karibu nayo. Umeona ilivyo kazi kuisoma chipu halali, ambayo mwenyewe anataka isomwe, anaijua ilipo, ameweka simu juu ya ngozi yake na kuigeuzageuza. Setilaiti iliyo mamia ya kilomita juu itaisomaje? Hata hapo karibu, umbali ukiongezeka maradufu, uga unabaki sehemu moja ya nane. Huko angani hakisalii kitu cha kuiamsha chipu. Tena kidonge hiki kinachosomwa na simu kina unene wa milimita 2, na sindano yake lazima iwe nene kuliko hapo. Sindano ya chanjo ya kawaida ina unene wa kama nusu milimita tu kwa nje. Kidonge hakipiti humo. Kipimo cha taa na rula vinatosha kulijibu swali hili, bila kumwomba mtu yeyote aniamini mimi.

Wanyama wetu wametufundisha jambo hilo hilo. Mwaka 2013 shirika la WWF liliipatia Kenya chipu ndogo elfu moja pamoja na visomaji vyake, ziwekwe kwenye pembe za faru. Je, chipu hizo zinaonyesha faru alipo porini? Hazionyeshi. Askari wa wanyamapori hawezi kukaa ofisini akamwona faru anakotembea kwa chipu ya namna hiyo. Kazi yake ni nyingine, nayo ni kubwa: pembe ikikamatwa bandarini au uwanja wa ndege, kisomaji kikisogezwa karibu, pembe inasema imetoka kwa faru yupi, na ushahidi unasimama mahakamani. Inataka kisomaji kisogezwe karibu. Daima karibu.

Simaanishi kwamba hakuna la kuhofia. Anayekuja karibu yako, kwenye basi lililojaa, akiwa na kisomaji, anaweza kujaribu. Ndiyo maana kupima kunakusaidia hata hapo: ukijua kwamba chipu yako inasomwa kwa milimita kadhaa tu, tena kwa mwelekeo mmoja, unaona jinsi anavyolazimika kukukaribia. Na unajua usiweke humo kitu ambacho hutaki kisomwe na aliyekushika mkono.

Kabla sijakuaga, neno kwa yule ndugu aliyeko ughaibuni, au popote, ambaye tayari ana kidonge mkononi na anataka kununua simu mpya. Usiamini picha ya mtandaoni. Nenda dukani na kipimo chako cha taa mfukoni. Muombe muuzaji akuwashie NFC, avue kava, afungue kioo cha simu. Pitisha taa yako polepole, kwanza kichwani mwa simu, kisha kando ya kamera, kisha katikati, huku ukiigeuza. Ikiwaka, weka mkono wako mahali pale pale, kwa mwelekeo ule ule, uone kama simu inasoma unachotaka isome. Mpaka isome mara kadhaa mfululizo, usitoe pesa.